Mwenyekiti Anabeba Mtoto

Kwa heshima na taadhima, naufahamisha umma wa Same kwamba Kamati ya Kuwezesha Wageni Kuzoea Malezi, ambayo mimi ni Katibu wake, imetimiza malengo yake yote, ukiondoa yale yaliyohusu wageni na malezi.

Chanzo ni mama mmoja Mholanzi, Marijke, aliyehamia mtaani kwetu na wanawe: Bram, anayekimbia kabla hajajua anakokwenda, na Lotte, ambaye hajaota jino. Mumewe, mtaalamu wa mifereji, hushinda kijiji cha Kisiwani wiki nzima. Joto likamwelemea mama. Lotte analia, uji unaungua, Bram yumo kwenye zizi la mbuzi la jirani. Siku moja jirani huyo, Agatha wa Myamba, tunayemwita Mama Yonas, alimkuta amekaa mlangoni analia pamoja na mtoto.

"Mama Bram, nipe huyo. Nenda kalale."

Akamfunga Lotte mgongoni kwa mbeleko. Marijke akalala. Ikawa desturi, na mgeni akaanza kucheka, hata kusalimia kwa Chasu, lugha yetu Wapare.

Hali hii isingevumilika. Mheshimiwa Sifael, Mwenyekiti wetu, alimwona Mama Yonas sokoni na mtoto yule mgongoni, akaita kikao cha dharura.

"Huyu ni mtoto wa kimataifa," alisema. "Anabebwa na mtu asiye na mafunzo, kwa kitambaa kisichokaguliwa. Akidondoka, mkoani tutasema nini?"

Nikauliza kama amewahi kudondoka. Nikaelezwa kwamba hilo ni swali la kijiweni. Tukaazimia majirani wasiguse watoto wa wageni hadi wapate mafunzo, na kwa sasa huduma itolewe na Kamati. Mafunzo yangeanza Kamati ikishafundishwa.

Agizo nililipeleka mwenyewe. Mama Yonas akafungua mbeleko, akamrudisha mtoto. "Sawa, baba. Sisi ni watu wa kutii." Lotte alilia hadi nikafika barabara kuu nikiwa bado namsikia.

Siku zikapita. Majirani wakamtazama Marijke juu ya ua, mikono nyuma, kama ilivyoelekezwa. Asubuhi moja akaingia ofisini na watoto wote wawili, macho mekundu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mgeni wetu. Unaendeleaje kuzoea?"

"Sijazoea. Nimefunga mizigo nirudi kwetu. Halafu nikakumbuka mlisema huduma inatolewa na Kamati." Akamweka Lotte mapajani pa Mheshimiwa, akaniachia mimi Bram. "Nakwenda kulala kwa Mama Yonas. Nikiamka nitaamua."

Suti ya Mwenyekiti ililowa papo hapo. Bram akapanda juu ya kabati la mafaili. Mheshimiwa akaagiza Mama Yonas aitwe haraka. Akaja, akasimama mlangoni.

"Ningependa kusaidia, Mheshimiwa, ila sina mafunzo."

"Nakuruhusu mimi."

"Aliyekataza ni Kamati, na Kamati haijakaa."

Akaaga kwa adabu. Lotte akazidisha kilio. Kwa kukosa njia, nilichukua kitambaa cha meza ya mikutano, nikamfungia Mwenyekiti mtoto mgongoni. Hivyo ndivyo alivyotukuta mkaguzi kutoka mkoani, Mama Ernesta Chande, ambaye ujio wake tulikuwa tumeusahau.

Akakagua fundo la kitambaa.

"Mwenyekiti, nimezunguka ofisi nyingi. Hii ni ya kwanza kukuta kiongozi anatekeleza alichoazimia."

"Ni ya muda tu, mama. Dharura."

"Acha unyenyekevu. Uwe unambeba kila Jumanne, na wenzako waje wajifunze. Siku nyingine waachie majirani."

Nilipiga makofi. Akaniambia nepi zitafuliwa na Katibu.

Marijke akarudi, ameamka vizuri. Mama Ernesta akamuuliza kama bado anataka kuondoka.

"Kama Mama Yonas amerudishiwa ruhusa, nabaki."

"Na huduma ya Mwenyekiti unaionaje?"

Marijke akafikiri. "Anajitahidi. Ila haimbi. Mama Yonas huimba."

"Basi aimbe," alisema Mama Ernesta, akavuta kiti.

Mheshimiwa Sifael alikohoa. Wimbo pekee alioukumbuka ni ule ambao akinamama wa vijijini humwimbia yeye akizuru. Akauimba taratibu, akiyumba huku na huku. Lotte alisinzia ubeti wa kwanza, kabla hatujafika kwenye jina la Mheshimiwa.