Nyuzi za Shangazi na Mfumo wa Serikali

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema. Jirani yetu Overloki hakunisalimia, chai ilikuwa na sukari ya kutosha, na serikali imeingia mtaani kwetu.

Imeingia kwa miguu, ikiwa na kishikwambi kwapani. Ni afisa wa teknolojia, mpole, ana kikohozi. Alipita duka kwa duka akieleza kwamba sasa kila kazi inatakiwa iwe ya kidijitali: shamba, bucha, kinyozi, seremala, na sisi washonaji. Muuza nyama keshapewa mizani inayotaja kilo kwa sauti. Kila mtaa utatoa karakana moja ya mfano, na karakana hiyo itapewa cherehani ya kompyuta inayodarizi yenyewe. Unaionyesha picha ya ua. Unakaa. Ua linatokea!

Alipoondoka nilijinyoosha juu ya meza ya kukatia. Feni inazunguka polepole, vumbi la kitambaa linaelea kwenye mwanga wa dirishani. Nikaiona cherehani ile inadarizi bustani nzima, nami nimekaa pembeni na kikombe, naiambia endelea, endelea. Mdogo wangu akaniamsha. Nilikuwa nimelalia koti la mteja.

Masharti ni mawili tu. Vipimo vya wateja viingizwe kwenye mfumo wa serikali. Kisha kazi moja ishonwe kwa kufuata mfumo huo. Kazi tunayo! Makoti kumi na manane ya bendi ya zimamoto, yatakayovaliwa Jumamosi kwenye uzinduzi wa mpango wenyewe, mbele ya mgeni rasmi.

Na hapo ndipo penye jambo langu. Duka ni la Shangazi. Macho yake yamechoka, kaenda kwa binti yake kupimwa, atakuja Ijumaa. Alituambia kabla ya safari kwamba kazi ya bendi ikikamilika atatoa mkasi wake. Ule mkubwa, mweusi, unaolia kama mlango wa chuma. Mwenye mkasi ndiye mwenye duka. Utakuwa wangu au wa mdogo wangu. Yeye ana miaka kumi na miwili kwenye cherehani. Mimi ni mkubwa, tena nina mawazo. Sioni hata pa kushindania.

Jumanne, 5 Agosti

Afisa anakuja kesho kupiga picha. Nimezitazama nyuzi za Shangazi kwa macho ya serikali. Aibu tupu.

Shangazi hajawahi kutumia futi. Kila mteja ana uzi wake wa pamba, umening'inia kwenye msumari ukutani, na ncha ya juu imefungwa kipande cha nguo ya kwanza aliyoshonewa. Ukishuka na uzi, fundo la kwanza ni shingo, la pili mkono, la tatu kifua, la nne kiuno. Shangazi akipapasa uzi mmoja anajua mwenyewe ni nani na amenenepa wapi. Nyuzi mia mbili na kumi na moja. Nyingine zina umri wa bendi nzima, na zote zina rangi ya moshi.

Mdogo wangu alipokwenda kununua bitana, nikatenda. Ndoo moja, sabuni, maji ya moto, moto kwelikweli. Nikazianika uani zote, kumi na mbili kumi na mbili, mpaka kamba zikaisha nikaanza kutumia mlango.

Sijui niseme nini. Zilikuwa nyeupe. Upepo ulipopita zilicheza kama mvua iliyokataa kufika chini. Niliketi katikati yake kwenye kigoda, sikuwaza kitu, nikajisikia mtu mwema. Kama kuna siku nitapigiwa saluti, iwe mahali pale.

Mdogo wangu akarudi. Alisimama mlangoni na bitana yake, akauliza jambo moja tu.

"Kaka, ulizipima kabla ya kuziosha?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo ndogo. Alinitazama kwa muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano, halafu akaingia ndani na kuanza kukunjua bitana.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya historia. Nilivaa tai.

Afisa alizisifu nyuzi kwa usafi. Mimi nashika uzi, napima kwa futi, nataja; yeye anagusagusa kishikwambi. Tulifanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, na sauti zetu zikawa kama za watu wanaohesabu kondoo. Kila baada ya nyuzi ishirini mmoja wetu alisinzia, mwenzake akamgusa. Alinitaka nichague neno la siri. Nilichagua "mkasi". Alisema vipimo vyetu sasa viko salama milele, hata duka likiungua. Niliona fahari, ingawa sikupenda alivyoangalia pasi yetu.

Dosari ilikuwa moja. Mdogo wangu alisoma orodha ya bendi, akafika kwa mpiga tuba, lile baragumu kubwa linalovaliwa begani kama chatu. Akasema mtu yule huwa anaingia dukani ubavuubavu, iweje kifua chake kiwe sawa na cha kinyozi? Nikamjibu kwamba watu hukonda. Akasema alimwona juzi. Nikamwambia mfumo haubishaniwi, na kwamba wanaobishana na mfumo ndio wanaochelewesha taifa.

Akachukua chaki akaanza kukata. Haraka haraka haina baraka, alinong'ona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamjibu. Nilishinda, nafikiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Mdogo wangu anashona. Mimi nimekwenda kupeleleza.

Overloki, jirani yetu wa upande wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye wa kwanza mtaani kununua mashine ya overloki, ile ya kufunga kingo za nguo, na hajawahi kutusahaulisha, naye anaitaka karakana ya mfano. Kaweka kompyuta dirishani. Haijui kitu kuhusu nguo. Kwenye kioo chake wanaogelea samaki tu: mwekundu, wa manjano, na mmoja wa bluu anayetokea mara chache. Watu wamejaa dirishani. Upuuzi! Nilisimama dakika mbili ili nijue adui anafanya nini.

Nilikaa saa nzima na nusu. Nilikuwa namngoja wa bluu.

Overloki akatoka akaniita Waziri Kivuli, jina alilonibandika yeye na mtaa ukalipokea. Akauliza bendi imeshayajaribu makoti? Nikamweleza kwamba kujaribu nguo ni mambo ya zamani. Kwenye dijitali nguo inakutoshea kabla hujafika. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu, huo.

Nimerudi nikamkuta mdogo wangu bado anashona. Niliona mishono yake ya ndani ni mipana ajabu, kitambaa kingi kimekunjwa huko bila kazi. Nikamkemea kwa uharibifu. Akaendelea kukunja.

Ijumaa, 8 Agosti

Shangazi amekuja. Ana miwani mipya, inamfanya aonekane ameshangaa muda wote. Au ameshangaa kweli. Alikwenda moja kwa moja ukutani akapapasa uzi mmoja, kisha wa pili. Akaunusa wa tatu.

Aliuliza kama bendi imeyajaribu makoti. Nikaanza kumweleza kuhusu mfumo, nikatumia maneno makubwa kama afisa alivyoyatumia, na wakati bado anayatafuta maana nikabeba makoti yote kumi na manane mabegani na kwenda nayo zimamoto. Nilimsikia akiniita. Nilijifanya nimeshavuka barabara.

Njiani makoti yalikuwa mazito na yenye joto, bluu tupu. Nilihisi nimebeba watu kumi na wanane wamelala. Niliwakabidhi, nikawasihi wasiyavae mpaka kesho ili yasichafuke. Kesho kutwa mkasi ni wangu. Nimeshachagua msumari wa kuutundika.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika polepole, nisije nikajidanganya.

Uwanja ulijaa. Meza za maonyesho: mizani inayosema, kinyozi na kitabu chake cha miadi kwenye simu, seremala na kiti alichokichora kwenye kompyuta, chenye miguu mitatu kwa makusudi. Shangazi na mdogo wangu safu ya pili. Mimi safu ya kwanza, nimejiweka mwenyewe.

Bendi ikaingia.

Walitembea kwa adabu isiyo ya kawaida, kifua wima, mikono imeganda ubavuni. Mikono ya makoti iliishia katikati ya viganja na viwiko. Kiongozi wao alijaribu kuinua fimbo yake, ikafika kiunoni, akaridhika. Mpiga tromboni, lile baragumu la kuvuta, hakuweza kunyoosha mkono, akabaki na noti moja. Wa matoazi hakuweza kuyakutanisha, aliyapunga tu kwa mbali. Hakuna aliyeweza kuvuta pumzi.

Lakini walipiga! Wimbo wa kuandamana ukatoka chini, mwembamba, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto chumba cha pili. Mwanamke mmoja aliegemea bega la mumewe. Mgeni rasmi alifumba macho, kichwa kikashuka kidogokidogo, akalala mbele ya taifa kwa uso wa amani. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushiriki.

Kisha mpiga tuba akapiga chafya. Vifungo vyote vinne viliondoka. Kimoja kilimwamsha mgeni rasmi.

Sikugeuka nyuma. Nilijua Shangazi ananitazama, tena kwa miwani mipya.

Jumapili, 10 Agosti

Bendi yote ilikuwa dukani asubuhi, imeketi kwenye benchi na fulana za ndani. Wanaume kumi na wanane, kila mmoja na koti lake mapajani. Overloki alipita mara nne.

Mdogo wangu alichukua koti la kwanza, akafumua bitana, akatoa kile kitambaa kilichokunjwa ndani ya mishono. Vidole vitatu kila upande, na pindo refu kwenye mikono. Makoti yote kumi na manane alikuwa ameyaachia kitambaa hivyo. Kiongozi wa bendi akamuuliza alijuaje.

"Namjua kaka yangu," alisema, sindano mdomoni.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Shangazi aliniita uani, pale pale nilipoanika nyuzi. Aliniuliza kama nilizipima kabla ya kuziosha. Nikasema kwa kweli jua la siku ile lilikuwa kali mno. Akasema hakuuliza habari za jua. Pamba ikichemshwa hunywea, mwanangu, hilo hata mtoto wa fundi analijua, na wewe ni mtoto wa fundi. Halafu akaingia ndani, akauchukua mkasi, akamwekea mdogo wangu mapajani mbele ya bendi nzima. Walipiga makofi. Sasa mikono yao ilikuwa inakutana.

Iliniuma. Naandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Miaka yote nimelala juu ya meza ile nikiusikia mkasi ukilia, na kila mara nilidhani unaniita mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Maajabu. Tumechaguliwa!

Afisa amekuja mwenyewe. Mdogo wangu ameshawapima upya wanabendi wote, akawafungia nyuzi mpya, akapiga picha kila uzi ukiwa umelazwa kando ya futi, na picha hizo ndizo zimeingia kwenye mfumo. Orodha yangu imefutwa. Afisa alisema hajaona karakana nyingine iliyokiri kosa na kulirekebisha kwa siku moja. Aliongeza kwamba mgeni rasmi ameulizia ule wimbo, anasema hajalala vizuri hivyo tangu ateuliwe. Mchango wangu huo. Hakuna aliyeutaja.

Cherehani ya kompyuta inaletwa Jumatano, pamoja na wageni na wapiga picha. Nilimwomba mdogo wangu kazi. Alifikiri. Akasema nyuzi zote za zamani zimeharibika, kila mteja akija atafungiwa mpya, na mimi nitazitunza. Mtunza Nyuzi! Shangazi akanishika mkono akanitazama kupitia miwani.

"Zisiguswe na maji. Umesikia, mwanangu?"

Nikaapa. Na kiapo changu ni kiapo.

Wamekwenda zimamoto kupeleka koti la mwisho. Nimebaki peke yangu na nyuzi kumi na nane, feni na mwanga wa dirishani. Nimezitazama kwa macho ya wapiga picha. Ni mpya, ndiyo, lakini zimejikunja, moja inaelekea huku, nyingine kule, kama nywele za mtu aliyeamka. Haziwezi kuonekana hivyo mbele ya taifa. Zinataka kunyooshwa kidogo tu.

Shangazi alikataza maji. Mvuke hakuutaja. Nimeshachomeka pasi, na imeanza kupumua.