Kanuni Yangu Kwenye Skrini ya Ukutani

Leo nimeaibika, tena kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe.

Ninasimamia kompyuta za redio moja ndogo hapa Lubumbashi. Tangu vita viwatimue watu huko mashariki, wengi hutupigia simu ili ndugu zao wasikie kwamba wangali hai. Sauti hizo hukaa katika "Studio", ambayo ni mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili, yenye mali yake katika hifadhi za pamoja, yaani masanduku ya diski. Hifadhi hizo nilizipanga ziwe kundi moja. Ikichoka moja, mfumo huhamishia mzigo kwa jirani yake bila kuombwa. (Nimewahi kuwahutubia wenzangu juu ya mshikamano huu kwa muda mrefu kuliko walivyostahili.)

Asubuhi alipiga simu kaka yake Furaha, mtangazaji wetu mzaliwa wa Kivu. Kaka huyo alikuwa hajasikika tangu mji wao uanguke. Tulirekodi maneno machache aliyomwambia mama yao, kisha laini ikakatika. Haijapatikana tena. Mama huyo yuko mtaa wa Hewa Bora, kando ya redio ya jirani yake, ameambiwa asubiri taarifa ya mchana.

Ndipo umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika. Uliporudi, hifadhi yenye Studio ilianza kukoroma kama mzee mwenye pumu. Hifadhi mwenzake ilikwisha kufa juma lililopita kwa ugonjwa huohuo. Ilibaki hifadhi moja tu nzima.

"Papa Kalala," Furaha akaniuliza juu ya kaka yake, "sauti ya yaya yangu itapona?"

"Tulia, mama. Ndiyo faida ya kupanga mambo."

Nikaamuru hifadhi gonjwa iondolewe mzigo. Wote walisimama mbele ya skrini kubwa ya ukutani, niliyoidai mimi ili kazi ifanyike peupe. Mstari wa kuonyesha uhamisho ukasogea. Ukasimama. Mfumo ukasema kwa Kifaransa chake kikavu kwamba haiwezekani, kisha ukataja kwa herufi nyekundu jina la kanuni iliyokataza:

WENYE ADABU WASILALE NYUMBA MOJA NA WALEVI.

Hata mlinzi aliisoma, akiwa mlangoni, bila miwani.

"Ni nani aliandika ile?" akauliza Ilunga, anayeendesha kipindi cha dansi.

Mfumo huruhusu kuzitenga mashine mbili, ili hifadhi moja ikifa, zisife zote. Sababu njema. Lakini kanuni yangu sikuiandika kwa sababu hiyo. Sikutaka tu nyimbo za Ilunga zilale karibu na taarifa na mahubiri ya Studio. (Naam, nililinda maadili ya diski.) Na ile hifadhi nzima ndiyo ilikuwa makao ya mashine ya Dansi, yenye nyimbo hizo.

"Ni mimi," nikasema.

"Na balevi ni banani, papa?"

"Nyimbo zako."

"Hata ile ulilomba nipige ku ndoa ya mutoto yako?"

Diski zilizidi kukoroma. Furaha hakucheka. Aliniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kulithubutu.

"Papa, toa ile kanuni. Yaya yangu hatakatala kulala na balevi. Kule iko, iko nalala na bantu ba kila namna."

Nikaifuta. Mstari ukasogea polepole mno, Studio ikahamia kwa Dansi, na punde hifadhi gonjwa ikanyamaza kabisa.

Mchana sauti ikatoka hewani: "Mama, ni mimi. Niko muzima. Usilie, nimekula." Furaha akafunika uso kwa viganja. Papo hapo jirani wa Hewa Bora akatupigia simu, na upande wa pili hapakuwa na maneno, ila vigelegele vya mwanamke mzee. Hapo ndipo Furaha alipoitazama tena skrini, herufi nyekundu zikiwa bado hapo, akajaribu kuisoma ile kanuni kwa sauti ya taarifa ya habari, akashindwa kuimaliza kwa kicheko.

Ilunga ameipiga picha. Ikiwafikia, chekeni kama hamna budi, lakini mketi vizuri kwanza, kama wenye adabu.