Bahari ya Mama Sebuleni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku mbaya. Asubuhi tumempeleka Mama kliniki ya macho. Tulikuwa mimi, mke wangu Kuluthumu, na mdogo wangu Sultani, ambaye hakuitwa na mtu ila alikuja na gari. Daktari amesema ni presha ya macho na imeshakomaa. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki, matone yatakichelewesha tu. Miezi miwili, labda pungufu.

Mama hakulia. Alikunja miwani yake kwenye leso akasema ana ombi moja. Aione bahari ya Pangani kabla macho hayajafunga kabisa. Alizaliwa pale. Baba alimtoa akiwa binti, akamleta Singida dukani kwake, na tangu hapo, miaka arobaini na saba, Mama anaangalia mawe na alizeti.

Sultani hata mate hakumeza. Akasema anakata tiketi za basi, Alhamisi wanaondoka. Mama akatabasamu! Kwa Sultani! Maisha yangu yote, tabasamu lile linaenda kwa Sultani.

Lakini nyumba yetu ina utaratibu. Tangu Baba afariki, Mama hasafiri mpaka mtoto wa kwanza atoe ruhusa. Baba aliusia hivyo na Mama hajawahi kuuvunja, hata kwenda msibani Ikungi. Mtoto wa kwanza ni mimi, Mselemu. Nikajikuta nimesimama. Nikasema kutwa nzima kwenye basi itammaliza mgonjwa. Nikasema asisumbuke, bahari itakuja yenyewe, hapa hapa sebuleni, na samaki wake na matumbawe yake.

Kuluthumu akaangalia dari. Sultani akauliza, kwa adabu ile yake inayoudhi, Kaka ana maana gani. Hata mimi nilikuwa sijajua.

Nikasema: wiki mbili tu.

Alhamisi, 8 Mei

Sasa najua. Nimeangalia video kwenye simu mpaka macho yanawasha. Kuna watu duniani wana tangi la maji ya chumvi ukubwa wa chumba, samaki wa rangi zote, matumbawe yanacheza kama maua. Wote wanaonekana wana furaha. Mama zao wanawapenda, nina hakika.

Nimepima sebule. Futi nane zinaingia, mradi kabati la vyombo litoke. Kabati ni la harusi ya Kuluthumu. Amekunja tu kitambaa cha mezani mara nne na kukikunjua mara nne.

Fundi Clement amekuja. Ni fundi madirisha. Ameniambia kazi yake yote hutengeneza vitu vya kuzuia maji yasiingie, hajawahi kutengeneza cha kuzuia yasitoke. Nikamwambia ni kitu kile kile, ageuze tu upande. Akasema kioo kinene kiagizwe Dar es Salaam. Nikasema hatuna muda, atumie cha dirisha, aweke viwili viwili. Amekuna kichwa muda mrefu kuliko inavyopendeza.

Jioni Mama kaniuliza shati langu ni jeupe au ni macho yake. Ni la kijani.

Jumapili, 18 Mei

Tangi limesimama! Tumelijaribu kwa maji ya bomba. Limevuja pembe mbili. Zulia limeharibika. Nimeingia chini kwa tumbo kupaka silikoni, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikakwama mabega. Kuluthumu na Clement wamenivuta miguu. Bila shaka Sultani alifika wakati ule ule. Akaniamkia shikamoo huku naangalia sakafu. Hiyo si heshima, ni kejeli.

Amesema wiki mbili zinaisha kesho na Mama sasa anashika ukuta akienda msalani. Akaomba ruhusa ya safari. Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Wiki mbili nyingine.

Tatizo ni maji. Video zinasema ichanganywe chumvi maalumu, inatoka ng'ambo kwa ndoo. Nimekaa na tatizo hilo mpaka alasiri, nimekata tamaa kabisa, nimelala kitini nasikiliza mbu. Kisha nikainuka kununua vocha na njiani nikaliona. Ziwa Kindai! Maji ya chumvi, bure, mtaa wa tatu kutoka kwangu! Hawa wa ng'ambo wananunua chumvi kwa sababu hawana Kindai. Mungu si Athumani.

Jumamosi, 31 Mei

Kazi ya punda. Kwa maana halisi. Mzee Lazaro na mkokoteni wake wa punda wameleta madumu siku nne mfululizo. Bandu bandu huisha gogo. Watu wa mtaani wameuliza kama bomba limekatwa. Mmoja ameuliza kama naosha maiti.

Maji ni ya kijani na yana manyoya ya heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani. Nimeyachuja kwa doti ya khanga ya Kuluthumu, ile ya Idi. Nilidhani ni ya zamani.

Matumbawe yamekamilika pia. Singida tuna mawe ya kutosha kujenga nchi nyingine. Nimeokota ishirini, nikayapaka rangi ya mafuta nyekundu, zambarau na njano. Ukisimama mbali, ni bahari kabisa.

Mwalimu Martha, jirani yetu, anayefundisha kemia sekondari, amekuja kuangalia. Hakualikwa. Amechovya kikaratasi ndani ya maji, kikabadilika rangi, naye akabadilika sura. Akasema hii si chumvi ya bahari, ni magadi, hayo ya kulainishia maharage, na samaki wa baharini hatamaliza hata saa moja humu. Nimemjibu chumvi ni chumvi. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa Ikungi, na sisi ukoo wetu una damu ya Pwani. Akauliza mimi mwenyewe nimewahi kuiona bahari mara ngapi.

Swali la kijinga. Mara moja, kupitia dirisha la basi, na nilikuwa nimesinzia.

Jumatano, 11 Juni

Siku kubwa! Binamu yetu wa Tanga ametuma samaki saba kwa basi, ndani ya dumu lenye mashine ndogo ya mapovu. Wanne walifia njiani. Watatu wazima, mmoja wao kitatange, mwenye milia, samaki ambaye Mama humtaja tangu nikiwa mtoto. Walikuwa wakiwatazama majini wakiinama ukingoni mwa mtumbwi, yeye na dada zake.

Nimewamimina saa nne kasoro asubuhi. Waliogelea! Nililia, nakiri. Nikakimbia kumwita Mama. Alikuwa anaswali Dhuha. Mama haharakishi swala.

Alipotoa salamu, wote watatu walikuwa wamelala ubavu juu ya maji.

Nilifanya alichopaswa kufanya mtoto wa kwanza. Nikamfunga kitatange uzi mweusi mkiani na mwingine kichwani, nikajificha nyuma ya tangi, Kuluthumu akamleta Mama mpaka kwenye kiti. Nikavuta uzi. Kulia. Kushoto. Mama akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Ametazama muda mrefu. Akasema anaona kitu, kama cha njano, kinakwenda. Kisha akasema huyu samaki anaogelea kwa huzuni.

Kuluthumu ametoka nje na hakurudi mpaka adhuhuri. Baadaye kaniambia, bila kuniangalia, kwamba kile cha njano kilikuwa jiwe langu, na aliyekuwa anakwenda ni Mama, kichwa chake kinamtetemeka.

Hata hivyo ameona kitu. Nahesabu kama ushindi.

Ijumaa, 20 Juni

Sebule inanuka. Wageni wanasalimia kupitia dirishani. Rangi ya mafuta imebanduka kwenye mawe na kuelea juu kama supu.

Sultani amekuja baada ya swala ya Ijumaa akiwa na kanzu na hasira. Safari hii hakusema Kaka. Amesema Mama ameshindwa kumtambua mlangoni mpaka alipozungumza. Amesema ataazima gari kubwa, atatandika godoro, ataendesha polepole, atambeba mgongoni ikibidi, nitoe ruhusa tu, neno moja. Nikamwambia shehena ya pili ya samaki iko njiani. Si kweli, lakini ingeweza kuwa. Nikaona mkono wake unakunja ngumi.

Mama ndiye aliyemzuia. Akamwambia, Sultani mwanangu, kaka yako amesema, tusivunje nyumba kwa ajili ya macho yangu.

Nilijisikia mkubwa. Pia nilijisikia kitu kingine, kizito, chini ya kitovu. Nadhani ni maharage.

Jumanne, 24 Juni

Naandika nimepandisha miguu kitini.

Saa sita mchana. Jua kali, madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Mama kwenye kiti chake mbele ya tangi, kama kila siku, anasubiri samaki wake. Nilikuwa naongeza dumu la mwisho. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga karanga. Kisha kioo chote cha mbele kikaondoka.

Kindai imepita sebuleni kwangu. Imebeba viatu, mkeka, redio na samaki mmoja aliyeoza niliyekuwa nimemsahau nyuma ya jiwe. Imetoka mlangoni na kuingia moja kwa moja kwenye mchicha wa Mwalimu Martha. Ametuma ujumbe. Mchicha haupendi magadi pia.

Mama hakuumia, alhamdulillah. Kioo kilimpita pande zote mbili. Nilimkuta ameketi vile vile, maji kwenye vifundo vya miguu, ameinua pindo la dera. Akachovya kidole, akaonja. Akasema, taratibu kabisa, Mselemu, hii ni Kindai.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliuliza tu kwa nini tumekaa gizani, umeme umekatika?

Jua lilikuwa linampiga usoni.

Nikamwambia ndiyo, umekatika.

Jumapili, 6 Julai

Daktari amethibitisha. Macho yote mawili. Mama alimshukuru na kumwombea dua. Kwenye gari Sultani aliendesha, mimi nilikaa nyuma, mahali wanapokaa watoto.

Kabati la Kuluthumu limerudi mahali pake. Mguu mmoja umevimba kwa maji, kwa hiyo limeinama kidogo, na kila nikipita vikombe vinalia.

Leo baada ya chakula Mama amesema bado anataka kwenda Pangani. Kuona hakupo tena, amesema, lakini masikio yapo na miguu ipo. Anataka asimamishwe majini maji yafike magotini, asikie yanavyokuja na kurudi. Basi. Kisha arudi apumzike. Sultani tayari ana tiketi za Alhamisi. Wote wakanigeukia mimi. Hata Mama alinigeukia, ila aligeukia upande ambao sipo.

Nikasema nitajibu kesho kutwa. Nikaenda msalani, nikafungulia bomba, nikalia.

Nasema kweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimemnyima mama yangu bahari. Alikuwa na wiki saba za macho na mimi nimemwonyesha mawe ya rangi na samaki wa uzi. Sultani angemwonyesha yote tarehe nane Mei. Sikuogopa basi litamchosha. Niliogopa atarudi anamsifu Sultani. Roho inaniuma.

Nimeapa kwa msahafu. Jumanne nitasema ndiyo.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamka mwepesi. Nimeoga, nimevaa kofia ya Baba, nimetoka kwenda kwa Sultani kutoa ruhusa. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, unavuma kutoka ziwani, una vumbi na una chumvi. Nikasimama. Nikafumba macho.

Jamani! Bahari tupu!

Nimeshangaa sikuliona mapema. Mama haoni. Kwa hiyo samaki hawahitajiki! Matumbawe hayahitajiki! Kioo, ambacho ndicho kiliniangusha, hakihitajiki hata kidogo! Kinachobaki ni sauti, upepo na maji ya magotini. Nimepita moja kwa moja kwa Clement. Nimebisha hodi, akajibu kutoka ndani, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba si kwake, ni nyumba ya jirani. Nimemweleza dirishani. Karo refu la bati uani, ubao mmoja wenye bawaba wa kusukuma maji yaende na kurudi, feni upande wa kaskazini. Chumvi, safari hii, ya dukani, ya mezani, magunia. Mwalimu Martha hatakuwa na la kusema. Clement amekuna kichwa, lakini kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Sultani nimemwambia arudishe tiketi. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya duka lake, amejishika kichwa, wateja wanampita. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Mama alikuwa ameshafunga mkoba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Nimemsaidia kutoa khanga zake, moja moja, akizipapasa pindo ajue ipi ni ipi. Nimemwambia asiziweke mbali.

Wiki mbili tu.