Mke Wangu Amejua Kusoma

Giakanja, Tetu
9 Juni 1981

Mheshimiwa Hakimu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Gatimu, mkulima, na nataka kuachana na mke wangu Watiri baada ya miaka ishirini na sita. Wakili sina na simtaki. Karani wako aliniambia nisilete alama ya kidole gumba, niandike malalamiko mwenyewe. Haya basi, na tafadhali usicheke.

1. Mwaka juzi Watiri alijiunga na ngumbaru, ile shule ya watu wazima pale kanisani. Nilimruhusu nikijua atachoka. Hakuchoka.

2. Sasa anasoma kila kitu kwa sauti: gazeti la kufungia nyama, pakiti ya majani chai, hata mkebe wa dawa ya kuoshea ng'ombe. Ati haifai kutiwa kwa kidonda cha mtu. Mimi nimeitia miaka minne! Mguu ni wa nani?

3. Hili ndilo limenikata maini. Kijana wetu Kihara anafanya kazi Timau, kwa mashamba ya ngano. Barua zake nilikuwa nikiwasomea watu wa nyumbani, nimevaa miwani. Kusoma sikujua, Mheshimiwa, lakini najua mtoto mwema huandika nini, kwa hivyo nilisema anamsalimu baba na anaomba baraka za baba. Watiri akazitoa zote sandukuni, akasoma. Kumbe kila barua kijana alikuwa akiuliza kama mama amepona kifua, na mbona hajibiwi. Watiri hakunigombeza hata kidogo. Alinipikia chai. Sasa mwanamume ataishi vipi na mtu kama huyo? Nina aibu mpaka leo.

4. Kwa hivyo naomba talaka, na serikali ifunge ngumbaru zote za Tetu kabla wanawake wengine hawajafungua masanduku.

Nisalimie makarani, askari wa mlangoni, na mama wa nyumbani kwako, akiwa bado hajakusomea chochote.

Ni mimi mwenye kesi,
Gatimu

Nyongeza: Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Ili nimshtaki Watiri ilibidi nami nijiunge na ngumbaru, na tunakaa dawati moja. Penseli ni yake. Usiharakishe kesi, Mheshimiwa, kwa sababu kitabu tuko nacho kimoja, na jana tulianza kumjibu Kihara. Mstari wa kwanza nimeuandika mimi: mama amepona.