Plâtre ya Bukari

Lundi, tarehe 3 mwezi wa tatu

Bidole bitatu bya mukono ya kuume binakufa ganzi tena. Asubuhi Benita, bibi yangu, alinifungia bifungo bya shati sawa mutoto. Yote juu ya ile mashini ya kushona midomo ya mifuko ya unga, kule minoterie, kiwanda ya kusaga unga. Unaishika mukononi, inatetema kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Ukirudi nyumbani, mukono ingali inatetema yenyewe.

Aristote, mwenzangu wa kazi, yeye iko anaketi. Mugongo yake iliharibika kwa kubeba mifuko, Caisse, ile yenye kulipia bafanyakazi bagonjwa, ikakubali kama ni ugonjwa ya kazi, chef akamupa kiti ya plastiki kwa mulango. Anapekua bantu bakitoka, anasikiliza radio, ananenepa. Chef anasema docteur wa Caisse akiniandikia miye vile vile, niko na kiti ya pili. Akikatala, ninarudia mashini mpaka mukono ife kabisa. Na mushonaji mwenye mukono ya kufa, nani anamutaka? Benita anasema niende niseme kweli tu. Benita ni muntu muzuri, lakini hajui dunia.

Mardi, tarehe 4

Docteur Mujinga wa Caisse, mama wa miwani, alinigonga kwa kifundo cha mukono na kidole kimoja tu. Umeme ikapita mpaka kwa ncha ya bidole. Nililia sawa mbuzi. Akaandika. Akasema nirudi vendredi. Hakusema pole, hakushangaa hata kiloko. Muntu mwenye hashangai, hajaamini.

Nilimuelezea Aristote. Alitikisa kichwa muda murefu. Akasema ugonjwa yenye haionekani hailipwi. Yeye alipita mbele ya docteur ameinama sawa ndoano. Mukono ya mugonjwa, alisema, iko na plâtre, ile nyeupe ngumu ya kufungia mufupa ya kuvunjika. Kwa mara ya kwanza nilimupenda Aristote.

Mercredi, tarehe 5

Plâtre ya kweli inaomba hospitali. Miye niko na akili! Kisha kazi nilizoa unga kiloko chini ya mashini, nikatia ndani ya suruali. Aristote alinipekua, akaigusa, akacheka, akasema pita. Nyumbani nikapika bukari, ugali yetu ya mahindi, mugumu, nikapakaa juu ya bandeji, nikaketi kwa jua. Benita aliniuliza kama niko na homa. Mangaribi ilikuwa nyeupe, ngumu, ya kupendeza. Ukiigonga inalia ko!

Jeudi, tarehe 6

Baba mukwe, muzee Stanislas, alikuja kula. Alinikuta ninakula bukari na mukono ya kushoto, mbele yake. Aliacha kula. Akamuuliza Benita kama huyu njo bwana mwenye alimupa mutoto wake. Nilimuelezea kama ya kuume ilivunjika kwa kazi. Akanionea huruma. Halafu jogoo ya jirani ikaruka juu ya magoti yangu, ikaanza kudona mukono yenye kuvunjika, na kuku zote zikafuata. Baba mukwe aliangalia, akanawa mikono, akaenda bila kuaga.

Benita hanisemeshi. Ataelewa siku yenye nitaketi. Pale kuku zilitoboa, nimeziba na bukari ya mangaribi.

Vendredi, tarehe 7

Mvua toka asubuhi. Nilifika plâtre ikidondoka, na chumba ikanuka chachu. Docteur Mujinga aliiminya, akanusa kidole chake, akaniuliza kama nilitia chumvi. Alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu alininawisha yeye mwenyewe ndani ya beseni, akagonga kifundo, na nikalia tena sawa mbuzi.

Akanionyesha karatasi. Aliisaini toka mardi, ilingojea cachet tu, muhuri ya Caisse. Bashonaji wa mifuko anabaona kila mwezi, njo maana hakushangaa. Mashini nisiiguse tena, na Caisse italipia matunzo. Lakini yeye, alisema, anaandika yote yenye anaona. Kule chini akaongeza: plâtre ya unga ya mahindi, ingali mubichi.

Samedi, tarehe 8

Chef alisoma karatasi mara mbili. Ya pili, kwa sauti, mbele ya bantu bote. Mashini nimeiacha, Mungu asifiwe. Lakini aliuliza unga ilitoka wapi. Nilimuangalia Aristote. Aristote akaapa hakuona kitu. Chef akasema muntu wa mulango njo anachunga unga isitoke, sasa miye mwenye niliiba unga nitachunga nini? Nimepewa fagio, niifanye na mukono ya kushoto.

Kiti ya pili baliileta hata hivyo. Aristote anaweka miguu juu yake. Roho inaniuma kuliko mukono.

Dimanche, tarehe 9

Benita amenisamehe. Mbele ya kuenda misa alinifungia bifungo pole pole, akasema umeona, kweli ilitosha. Nilikubali. Ilitosha, hata miye ninaona.

Sasa nimefagia siku moja tu, na mukono ya kushoto inaanza kuuma. Inauma kweli, ninaapa. Lakini docteur ananijua sasa, ataamini namna gani? Kisha misa nilipita sokoni kuuliza unga ya muhogo. Mama mwenye kuuzisha anasema inakauka mbio, na kuku haziipendi.