Kobe Amekataa Kufa

Jumatatu, 3 Mei 1999

Ambokile amenunua kompyuta! Ya rangi, yenye spika mbili. Jirani huyu, karani wa Bunge, ameita nusu ya mtaa wetu wa Miyuji kwenda kuiona. Mimi nilipita nikajidai natafuta jembe langu. Nailoni ya dukani bado iko juu yake. Samaki wa kuchorwa wanaogelea kwenye kioo.

Niliporudi nikaitazama yetu. Maandishi ya kijani, kioo cheusi. Niliipata kwenye mnada wa mradi wa maji uliofungwa, miaka minane iliyopita, na mke wangu Elieth akaiita Kobe. Hajaugua hata siku moja. Hilo ndilo tatizo.

Nikamwambia Elieth tununue mpya kwa hela yangu ya likizo, niliyolipwa masjala nikianza mapumziko ya mwezi huu. Akasema kitu kizima hakitupwi. Tena ndani ya Kobe kuna utafiti wake wa stashahada, kuhusu watoto wanaokosa shule kwa sababu ya kuamia, yaani kufukuza, ndege kwenye mtama. Kurasa arobaini na moja, kazichapa kwa vidole viwili tangu Novemba. Zifike chuoni tarehe 24. Akichelewa anasubiri mwaka mzima, na nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi atapewa mwingine. Akamaliza kwa kusema kwamba Kobe akifa kifo chake mwenyewe, ruksa, ninunue.

Kifo chake mwenyewe. Nimelishika neno hilo.

Jumatano, 5 Mei

Kwanza nimenakili kurasa zote za Elieth kwenye diski mbili, zile pana kama bahasha. Mimi si mjinga.

Kisha nikamhamishia Kobe dirishani, upande wa upepo. Vumbi la Dodoma halina rafiki. Kufikia saa tisa alikuwa mwekundu kama tofali. Nikamwasha. Akawaka. Mimi ndiye ninayekohoa.

Ijumaa, 7 Mei

Leo nimechomoa stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme. Umeme ukakatika na kurudi mara tatu, kwa kishindo. Pasi imeungua. Redio imeungua. Balbu ya sebuleni imepasuka. Kobe alizimika, akawaka tena kwa utulivu wa mzee aliyetoka kupiga chafya.

Elieth aliuliza nani kachomoa stabilaiza. Nikasema panya. Akaenda kuazima pasi kwa mke wa Ambokile. Aibu iliyoje!

Jumatatu, 10 Mei

Nimebadili mbinu. Sasa natumia elimu. Nimemweleza Elieth kwamba mwaka 2000 ukiingia kompyuta zote za zamani zitachanganyikiwa, wataalamu wamethibitisha. Akajibu kwamba utafiti wake unatakiwa mwaka huu. Baada ya tarehe 24 nifanye nipendavyo.

Baada ya tarehe 24! Jumamosi jumuiya inasali nyumbani kwetu. Ambokile atakaa sebuleni mwangu, mita mbili kutoka kwa Kobe. Haiwezekani.

Alhamisi, 13 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Elieth kaenda Bahi kuongeza takwimu, anarudi Jumamosi. Na mjomba wake Matonya, mkulima wa Chamwino, kapita hapa akitoka kuuza karanga sokoni. Nikampa Kobe zawadi. Mjomba hana umeme, lakini ameahidiwa nguzo. Alishukuru sana, akaondoka naye kwenye keria ya basi.

Jioni kompyuta mpya ikaingia. Ya rangi. Spika nne! Fundi Bashiri aliiunganisha, akanyoosha mkono avue nailoni. Nikamzuia. Kitu kikivuliwa nailoni kimeshakuwa cha zamani, nani asiyejua hilo? Akasema mashine inahitaji kupumua. Nikamwambia makochi yangu yana mwaka wa pili ndani ya nailoni na hayajalalamika.

Nimegundua jambo moja dogo. Tundu la diski la mashine hii ni jembamba. Diski za Elieth ni pana. Nitalitafakari wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Mei

Siku ya utukufu wangu, kwa sehemu.

Niliiwasha saa nne asubuhi ili samaki wazoee. Juu ya nailoni nikatandaza vitambaa viwili vya kudarizi, cha pili kikifunika mgongo wote. Jumuiya ilipofika hakuna aliyetazama msalaba. Ambokile alihesabu spika, kisha akakaa kimya. Ule ukimya wake nitaukumbuka hadi uzeeni.

Elieth aliingia kutoka Bahi, vumbi hadi kwenye nyusi. Akasalimia wageni. Akaitazama mashine. Akauliza kazi yake iko wapi. Nikapigapiga diski mfukoni, nikatabasamu.

Katikati ya sala ikaja harufu. Mama mmoja akadhani ni ubani. Kisha moshi, kisha samaki wakasimama, kisha giza. Ambokile ndiye aliyechomoa waya. Ambokile!

Bashiri alikuja akafungua. Nailoni ilikuwa imeyeyukia kwenye matundu ya mgongoni. Akasema mashine imekosa hewa na kuiva. Nikamwuliza kuhusu diski pana. Akasema kwa mji huu anajua mashine moja tu inayozisoma na ambayo bado ni nzima: Kobe.

Jumapili, 16 Mei

Baada ya chai Elieth akaziweka zile diski mbili mbele yangu, mezani.

"Optatus," akasema, "miezi sita nilikuwa nachapa wewe umelala. Ulichogawa si kompyuta."

Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. Nimeona haya, naandika hivyo kwa sababu shajara ni yangu na hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 17 Mei

Chamwino. Nikampa mjomba shikamoo mara mbili, ya pili ikiwa ya miaka mitatu ambayo sijamtembelea. Nikamweleza shida. Alielewa vizuri. Akanipeleka ghalani.

Kobe yuko kwenye kona, juu yake majani makavu, juu ya majani kuku, chini ya kuku mayai kumi na moja. Mjomba akasema kuku huyu alishahamishiwa hapo juu mara moja, usiku ule Kobe alipofika, kwa kuogopa panya; akihamishwa tena atayasusa mayai. Zimebaki siku nne yaanguliwe.

Nikauliza nifanye nini siku nne. Mjomba akanionyesha shamba la mtama. Zamani watoto ndio waliofukuza ndege, lakini Elieth alikuja na karatasi zake za utafiti, akamkanya asiwatoe shuleni. Watoto wako darasani. Ndege wako shambani.

Akanikabidhi kombeo na debe la kugonga.

Jumatano, 19 Mei

Sauti imenikauka. Nimegonga debe tangu alfajiri. Ndege wa Chamwino wana dharau. Wananitazama kwanza, ndipo wanakula. Wanafunzi walipita wakitoka shule, mmoja akanifundisha kushika kombeo.

Hata hivyo naamini naelekea kuwa mtaalamu.

Ijumaa, 21 Mei

Vifaranga tisa! Mjomba akamnyanyua mama yao kwa heshima, nami nikamfuta Kobe manyoya na mavi. Nikampakata kwenye basi hadi nyumbani.

Elieth alichomeka waya mwenyewe. Sikuweza kutazama. Nikasikia ile kelele yake ya kukoroma. Nikafumbua macho. Kijani! Kurasa zote arobaini na moja, hata diski hazikuhitajika. Elieth akaweka kiganja juu ya Kobe kama mtu anayempima mtoto homa, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaniambia chakula kiko jikoni. Ni maneno matamu kuliko yote niliyosikia wiki hii.

Jumatatu, 24 Mei

Elieth kaupeleka utafiti chuoni asubuhi, kwa wakati. Zimekuwa kurasa arobaini na mbili. Nimesoma nakala. Ukurasa wa nyongeza unaeleza kwamba mtu mzima mmoja, karani wa masjala aliye likizo, alifanya kazi ya watoto kwa siku nne na ndege wakala robo ya shamba. Jina langu halikutajwa. Nimelichukua kama heshima.

Somo nimelipata. Kitu kizima hakitupwi. Kobe habanduki tena humu ndani, namtetea mbele ya yeyote.

Ila hakuna sababu ya kuonekana maskini. Mchana Elieth alipokuwa bado mjini, niliichukua ile nailoni ya mashine iliyokufa, nikaiosha, nikaikata upande ulioungua, nikamvisha Kobe. Imemkaa vizuri mno. Ambokile alichungulia dirishani, akauliza kama nimenunua nyingine. Nikamwambia hii ni ya aina ya pekee, haipo madukani. Akaenda zake kimya! Ule ukimya tena!

Maneno ya Bashiri sikuyasahau. Mgongoni nimeacha tundu kubwa la kupumulia. Nimelifunika kwa kitambaa cha kudarizi, vumbi lisiingie.