Boti la Bingwa Bado Limefunikwa

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, ndugu Makamu Mwenyekiti ambaye kiti chake kiko njiani, waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimu makaimu, wadau wote wa maji na michezo, na wewe dada yetu, bingwa wetu wa kupiga makasia unayeondoka Jumanne kwenda Olimpiki: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nasimama kifua mbele kukabidhi boti la kisasa la mashindano, hili mnaloliona jukwaani chini ya kitambaa, ambalo kwa mujibu wa kamati ndogo ya kiufundi litaongeza kasi kwa asilimia mia moja na kumi na nne, tukiondoa upepo. (Vigelegele. Bingwa anasogea kulitazama.) Tulia kwanza, dada, kitambaa kina ratiba yake.

Wapo wenye midomo wanaosema bingwa huyu alijitengeneza mwenyewe, eti alianza kwa kuvusha maziwa ya shangazi yake mtoni kwa kimtumbwi kila asubuhi, na medali ya shaba ya mara iliyopita aliipata kwa boti la kuazima. Nawauliza, kwa nini alikuwa anavusha? Kwa sababu daraja halikuwepo! Na nani hakulijenga? Ni ofisi yangu! Miaka yote ile mliyotulalamikia, sisi tulikuwa kwenye mchakato wa kuibua vipaji. (Kicheko. Shangazi hacheki.)

Aidha, mimi na wajumbe tulikwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, tukagundua kwamba wapiga makasia hukaa wakiupa mgongo mwisho wa safari, nami nikasema palepale kwamba huu ndio mfumo tunaoutumia ofisini. (Makofi ya upande mmoja.)

(Shangazi, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, funua basi. Mtoto anaondoka.")

Nahitimisha, mama. Makasia! (Juu!) Medali! (Yaja!) Namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima madawati matatu yaliyo chini ya kitambaa, ambayo anayataka kesho kabla ya kengele. (Bingwa anavuta kitambaa. Ni madawati kweli. Shangazi anakuja kumshika mkono.) Namshukuru pia shangazi, ambaye kimtumbwi chake, nimeambiwa, hakivuji sana. Mazoezi yaendelee, dada, wala usiwe na wasiwasi kuhusu daraja. Bado hatujengi.